Laptopu ya Kwenda Nayo Goweko

Ukipanda treni ya abiria Dar es Salaam kwenda Kigoma, ukishapita Itigi unaingia kwenye miombo. Saa zinapita na miti haiishi. Stesheni ni ndogo na zimeachana: Tura, Malongwe, Goweko, Igalula. Treni ikisimama, akina mama wanakuja madirishani na asali kwenye chupa na madumu, karanga, michembe ya viazi vitamu na kuku waliofungwa miguu. Goweko ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Watu wake wanalima tumbaku, mahindi na karanga, na msituni wanarina asali. Mtu wa mjini akiitaja, kompyuta haimjii akilini.

Afikirie upya. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini leo anaingiza mapato na matumizi ya shule katika FFARS, mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma ulioanza mwaka 2017. Mganga mfawidhi wa zahanati anafanya hivyo hivyo. Akitaka saruji ya kukarabati jengo au vitanda vya wodi, ununuzi unatakiwa kupita NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, ambavyo tumbaku ya Uyui hupita mikononi mwao, navyo vina mfumo wao, MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mtumishi wa umma anajaza utendaji wake kwenye PEPMIS. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni. Kazi ya kompyuta ilishafika kijijini siku nyingi. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyochelewa.

Asiye na mashine hufanya nini? Anadandia bodaboda, basi au treni hadi Tabora mjini, anaingia steshenari, anakaa kwenye benchi kusubiri zamu, kisha anamtajia kijana wa kaunta jina lake la kuingilia na nywila. Kijana anafungua mfumo, anajaza, anachapisha, anapokea hela yake. Mara nyingi nywila hiyo inabaki imeandikwa kwenye daftari la pale kaunta ili safari ijayo kazi iende haraka. Nywila ya fedha za shule! Ongeza nauli, chakula cha mchana na siku nzima ambayo darasa limekaa bila mwalimu au zahanati bila mganga. Hili linaniuma kila ninapolikuta, kwa sababu dawa yake inajulikana na uzito wake ni kilo moja na robo.

Ndiyo maana nalichukulia suala la laptopu ndogo kwa uzito wote. Mimi kazi yangu ni kuandika nikiwa safarini, na reli ya kati ni njia yangu. Kwa miaka nimewasikiliza walimu, wahasibu wa ushirika, maofisa ugani na wapima ardhi wanaofuata ujenzi wa reli ya kisasa, wakiuliza swali lile lile: ninunue ipi? Wanajibiwa kwa majina ya kampuni na namba za prosesa. Jibu langu ni kwamba mashine ichaguliwe na njia utakayopita nayo. Njia ya Goweko ina vumbi la kiangazi, mvua ya masika, umeme unaokatika, mtandao unaopotea porini na fundi aliye mbali. Mashine isiyoyaweza hayo haifai, hata ingekuwa ya mwaka huu.

Njia hii imewaumbua watu wenye vyombo vizuri tangu zamani. Karne ya 19, njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita ukanda huu huu. Msafara ukishatoka Ugogo uliingia Mgunda Mkali, nyika yenye maji haba, ukatokea Tura ambako Unyamwezi unaanza, kisha ukasogea hadi Kaze, Tabora ya leo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na mbele yake alitembea kirangozi, kiongozi wa msafara. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Reli ya Wajerumani ilifuata mwelekeo ule ule, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857, wakaingia Kaze mwezi Novemba. Walitoka pwani na vyombo vya kupimia vya wakati wao: saa za kukokotolea longitudo na vipimajoto vya kuchemshia maji ili kujua mwinuko wa nchi. Vingi viliharibika njiani. Walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, Speke alilazimika kupima mwinuko wa ziwa kwa kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuogea. Akapata kama mita 560. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Kosa hilo la zaidi ya mita 200 lilikaa kwenye vitabu na kuongezea utata katika mabishano makali kuhusu chanzo cha Mto Naili, na chimbuko lake ni chombo kilichoshindwa safari.

Kuna la mmisionari na mpelelezi David Livingstone pia. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, Manyema, katika Kongo ya leo, karatasi na wino vilimwishia. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikata mistari ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mimea ya huko. Wino ule ukafifia hadi maandishi yakawa hayasomeki, na ilibidi kusubiri mpaka mwaka 2011 wataalamu walipotoa nakala iliyopigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali ndipo maneno yakaonekana tena. Mwaka uliofuata, 1872, alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi, na tembe lake sasa ni makumbusho. Aliyoyaona Nyangwe, yakiwemo mauaji ya watu sokoni, yalikuwa ushahidi mzito dhidi ya biashara ya utumwa. Ushahidi huo ulikaribia kupotea kwa sababu ya wino.

Wino wa leo ni chaji. Hapo ndipo ninapoanzia ninapomshauri mtu, kabla sijamuuliza anafanya kazi gani wala ana shilingi ngapi.

Betri ya laptopu hupimwa kwa wati-saa. Namba hiyo imeandikwa kwenye betri yenyewe, na mara nyingi hutajwa kwenye maelezo ya mashine. Laptopu ndogo ya inchi 12 au 13, ikiwa unaandika tu, kioo umekipunguza mwanga na hujafungua mafaili ya video, inakula wati 6 hadi 8. Ikiwa na betri nzima ya wati-saa 48, utaandika saa sita hadi nane. Laptopu kubwa ya inchi 15 yenye kadi ya michezo inaweza kula mara mbili au tatu ya hapo ikiwa haifanyi lolote la maana. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inakula wati 60 hadi 100, na umeme ukikatika inazima papo hapo na kazi uliyokuwa hujahifadhi. Laptopu haishtuki umeme unapokatika. Kwa shule ya kijijini, sababu hiyo peke yake inatosha kuacha kununua kompyuta za mezani.

Sasa tazama umeme wenyewe. Paneli ya sola ya wati 100, kwa jua la Tabora la kiangazi, inaweza kuleta wati-saa 350 hadi 400 kwa siku ukishaondoa upotevu. Kuijaza laptopu ndogo kunahitaji wati-saa 60 hivi. Kwa hiyo paneli moja ya nyumbani, pamoja na betri yake, inabeba laptopu, simu na taa za jioni bila taabu. Tatizo ni jinsi watu wanavyounganisha. Wanachukua umeme wa volti 12 wa betri, wanaupitisha kwenye inveta uwe volti 230, kisha chaja ya laptopu inaushusha tena hadi volti 20. Kila hatua inakula sehemu yake, na inveta yenyewe inakula hata ikiwa haina kazi. Laptopu inayochajiwa kwa USB-C inakata mzunguko huo: nunua chaja ya gari yenye alama ya PD na uwezo wa wati 45 au 65, iunganishe moja kwa moja na betri ya volti 12, weka fyuzi, basi. Chaja hiyo hiyo itafanya kazi kwenye gari la halmashauri lenye soketi ya kuwashia sigara.

USB-C kwangu ni sharti. Chaja za zamani zenye pini ya duara zina maumbo mengi, na kila kampuni ina lake. Ikiungua Goweko, mwenzako hana ya kukuazima na duka la karibu halina inayoingia. Chaja ya USB-C inatumika na simu nyingi za sasa, na hata ikiwa ni ya wati 30 tu mara nyingi itaijaza betri taratibu usiku kucha.

Pawabenki nayo ina hila. Yenye milianpea-saa 20,000, ukizidisha kwa volti 3.7 za seli zake, ina wati-saa 74. Ikishapoteza kidogo njiani, inakupa kama 60, yaani inaijaza laptopu ndogo mara moja kamili. Lakini nyingi zinazouzwa zinatoa wati 10 au 18, zinatosha simu tu. Geuza pawabenki nyuma usome maandishi madogo: kama hakuna PD yenye wati 45 au zaidi, iache. Na kwa anayepanda ndege ya Tabora, kanuni za usafiri wa anga huruhusu betri ya hadi wati-saa 100 bila kibali maalumu, ila pawabenki isafiri nawe ndani ya ndege na si kwenye mizigo ya chini.

Nimekaa sana kwenye umeme kwa sababu mengine yote yanasubiri hapo. Sasa twende dukani.

Laptopu mpya na ndogo zinazouzwa bei nafuu ndizo zinazowavuta wanunuzi wa mara ya kwanza. Zinang'aa, zina boksi na waranti. Soma ndani: ramu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na mashine iliyoko kwenye kiwango cha chini haina pa kupumulia. Masasisho mawili matatu yanajaza hifadhi, kivinjari kikifungua kurasa tano mashine inaganda, na mara nyingi ramu na hifadhi vimechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo fundi hawezi kuongeza. Mwalimu aliyekopa kwenye SACCOS kununua mashine kama hii ameuziwa majuto. Dunia iliwahi kujifunza hili mwaka 2007 Asus ilipotoa Eee PC ya inchi 7: watu waliipenda kwa udogo na bei, kisha wakagundua vidole haviwezi kuandika ripoti kwenye kibodi ile. Chini ya inchi 11 herufi zinabanana mno. Inchi 12.5 hadi 13.3 ndicho kipimo kinachoacha kibodi kamili na bado mashine inaingia kwenye mkoba wa kawaida.

Ushauri wangu kwa mtu wa mfuko mdogo ni laptopu ya kiofisi iliyokwishatumika. Makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha mashine za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na zinafika Kariakoo zikiwa na uhai mrefu mbele yake. Zilitengenezwa kwa mtu anayesafiri kila wiki: bawaba za chuma, kibodi nyingine zenye njia ya kupitishia maji yakimwagika, na mfuniko wa chini unaofunguliwa kwa bisibisi. Dell Latitude 7290 ya inchi 12.5 ina uzito wa kilo 1.2 hivi, inachajiwa kwa USB-C, na ramu yake hubadilishwa. HP EliteBook 830 G5 ya inchi 13.3 ina nafasi mbili za ramu. Lenovo ThinkPad X280 ni nyepesi sana ila ramu yake imechomelewa, kwa hiyo nunua yenye GB 8 au zaidi tangu mwanzo.

ThinkPad X270 ya mwaka 2017 naitaja peke yake. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa kidole huku mashine inaendelea kuwaka. Ukiwa na betri mbili za nyuma mkobani, unatoka Dar es Salaam na kufika Tabora bila kutafuta soketi ya behewa. Tena inachajiwa kwa USB-C. Mfululizo wa X uliofuata uliacha betri ya kuchomoa, na mimi nahesabu hilo kuwa hasara kubwa kwa watu wa njia kama hii.

X270 ina kikwazo kimoja. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea. X270 ni ya kizazi cha sita na cha saba. X280, Latitude 7290 na EliteBook 830 G5 nyingi ni za kizazi cha nane, nazo zinakubali. Kwa hiyo muuzaji akikwambia mashine ya kizazi cha sita "ina Windows 11", ujue imeingizwa kwa njia ya mzunguko na haina uhakika wa masasisho. Mwenye X270 aweke Linux Mint au Ubuntu. Mifumo ya serikali niliyoitaja inafunguliwa kwa kivinjari, na LibreOffice inaandika barua, inafungua majedwali na kutoa PDF. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilistahili kuendelezwa kwa nguvu zaidi.

Mwenye uwezo zaidi aitazame MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020. Ina kilo 1.29, haina feni kabisa, na betri yake ya wati-saa 49.9 inakaa muda mrefu kuliko mashine nyingine nilizozitaja. Kukosa feni ni neema kubwa Agosti na Septemba, vumbi jekundu linapoingia kila upenyo. Feni ya laptopu ya kawaida hulivuta vumbi hilo ndani, linaganda kwenye mapezi ya kupozea, mashine inapata moto na kupunguza kasi. Lakini MacBook ikivunjika kioo, matengenezo yake ni ghali, na ramu na hifadhi havibadilishwi. Kwa mwandishi anayezunguka peke yake na kuitunza, naipendekeza bila kusita. Kwa ofisi ya kata inayotumiwa na watu wanne, hapana.

Mashine ya mtumba inahitaji jicho kali pale kaunta, na muuzaji mwaminifu hatachukia ukikagua. Iwashe kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotengenezwa. Humo utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Ilianza na wati-saa 48, sasa inashika 29: hiyo imebaki asilimia 60, na saa zako saba zimekuwa nne. Sio lazima uikatae, ila punguza bei kwa thamani ya betri mpya, na uliza kama betri hiyo inapatikana. Kisha zima, washa tena na uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, ondoka. Mashine hiyo bado imefungwa na kampuni iliyoimiliki. Kwenye MacBook hakikisha haijafungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Fungua ukurasa mtupu ubonyeze kila herufi. Tazama mpangilio wa kibodi, maana mashine za Ujerumani zina Z mahali pa Y, na za Ufaransa zinaanza na A mahali pa Q. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Tikisa kidogo waya wa chaji uone kama chaji inakatika. Piga simu ya video uijaribu kamera na kipaza sauti. Mwisho, toka nayo mlangoni. Kioo kinachoonekana vizuri chini ya taa ya duka kinaweza kuwa giza tupu kwenye jua la stesheni. Vioo vya bei ya chini vya nukta 1366 kwa 768 ndivyo vinavyosumbua zaidi. Tafuta cha 1920 kwa 1080, kisichong'aa kama kioo cha kujitazamia.

Ramu iwe GB 8. Diski iwe SSD, na GB 256 zinatosha. Prosesa isikuumize kichwa. Ya i5 ya kizazi cha nane inafanya kila kazi ninayoijua katika kata ya vijijini, na ya i7 inaweza kula umeme zaidi kwa faida ambayo mwenye kuandika na kujaza fomu hataiona.

Watu wananiuliza kuhusu vishikwambi. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu, na lilikuwa jambo jema. Kishikwambi kinasoma kitabu, kinapiga picha na kujaza fomu fupi. Lakini mtu anayeandika mihtasari ya kikao, jedwali lenye safu 20 au barua ya kurasa tatu anateseka kwa kidole. Kikiongezewa kibodi ya kuunganisha kinasaidia kidogo. Kwa kazi ya fedha bado nataka laptopu.

Mtandao utatoka kwenye simu. Kama mashine iko kwenye chaji, unganisha simu kwa waya badala ya kurusha intaneti hewani; simu inapata chaji, bando haliibwi na jirani, na mawasiliano yanatulia. Ukiwa porini mtandao ukipotea, usikae unasubiri. Andika nje ya mtandao, hifadhi, tuma utakapofika penye mnara. Zima masasisho ya moja kwa moja ukiwa unatumia bando, maana sasisho moja la Windows linaweza kumeza bando la wiki nzima. Na kila jioni nakili kazi yako kwenye flashi mbili, moja mkobani na moja mfukoni. Wezi wa stesheni wanachukua mkoba mzima.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wanaopanga ununuzi wakiwa ofisini mjini wanausahau mzigo wa anayebeba. Mganga wa zahanati anatembea na mashine, vitabu vya dawa, daftari la wajawazito na labda boksi la chanjo, nyuma ya bodaboda, kwenye barabara ya mchanga. Kilo mbili na nusu za laptopu kubwa pamoja na chaja yake nzito si sawa na kilo moja na nusu za ndogo na chaja yake. Mwenye kubwa ataiacha ofisini, na ikiachwa ofisini inageuka kuwa kompyuta ya mezani yenye kioo kidogo.

Mashine ikishapatikana, isikae juani kwenye kiti cha gari. Joto ndilo linaloua betri za lithiamu kuliko kitu kingine, hasa zikiwa zimejaa kabisa. Kama utaiacha likizo nzima, iache na nusu ya chaji. Masika ibebe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba. Radi zinapopiga, chomoa chaja ukutani. Mashine itaendelea kwa betri na wewe utaendelea na kazi. Kiangazi, kila baada ya miezi michache, fundi anayejua aifungue na kupuliza vumbi, naye afanye hivyo mbele yako.

Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini Desemba 2021. Treni ya umeme ikianza kupita huku, safari itakuwa fupi na wageni watakuwa wengi. Lami ya Itigi hadi Tabora tayari imewasogeza watu wa Uyui karibu na mji. Lakini mwalimu mkuu hapaswi kusubiri treni ya umeme ili aache kumtajia nywila kijana wa steshenari.

Ombi langu kwa halmashauri na kwa wadau wanaotoa misaada ya kompyuta ni moja. Mnapoandaa orodha ya vifaa vya shule na zahanati, futeni kompyuta za mezani kwa vituo vya vijijini. Andikeni laptopu ya inchi 12.5 au 13.3, isiyozidi kilo moja na nusu, inayochajiwa kwa USB-C, yenye ramu ya GB 8, SSD na betri inayobadilishwa, pamoja na chaja ya volti 12 na betri moja ya akiba. Ipeni kila mashine jina la anayewajibika nayo na ruhusa ya kutoka nayo.

Na wewe unayenunua kwa hela yako, iwe umeipata kwenye msimu wa tumbaku, mshahara au mkopo wa SACCOS: ukifika dukani, omba ripoti ya betri kabla hujauliza bei. Muuzaji akikataa kukuonyesha, nenda duka la pili.